Mkia wa Nyekundu Tatu

Katika miaka miwili na nusu aliyokaa katika bweni la shule Msambweni, Mwero Chome alikuwa amekwisha kushtakiwa mbele ya mwalimu wa zamu mara kumi na nne, na kumi na moja kati ya mashtaka hayo yalikuwa ya upupu. Upupu kwenye benchi la viranja. Upupu ndani ya soksi za kipa wa shule jirani. Upupu, Mungu amsamehe, kwenye kitambaa cha kufutia jasho cha mhubiri mgeni, ambaye siku hiyo alihubiri kwa nguvu kuliko siku zote za maisha yake, na watu saba wakaokoka. Mwero alijitetea kwa hao saba. Utetezi haukukubaliwa.

Kwa hiyo Rispah wa Kidato cha Tatu alipomfuata kwenye foleni ya uji na kumwambia, "Nataka upupu," Mwero aligeuka kwanza kutazama kama kuna mwalimu nyuma yake.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa. Nataka mbegu, sitaki yale manyoya. Kilo moja. Wanasema wewe peke yako ndiye unayejua kuuchuma bila kujikuna."

"Wanasema kweli," Mwero alikiri kwa unyenyekevu mkubwa. "Unamkusudia nani?"

"Panya."

Mwero akaona kwamba amempata mtu wa maana.

Panya wenyewe walikuwa sita, weupe, macho mekundu, na walikuwa mali ya Madamu Eunice, mwalimu wa Biolojia, ambaye alikuwa akisomea shahada ya pili. Aliwatoa chuoni kwa kibali, akakibandika kibali hicho ukutani mwa maabara ya shule, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa kwamba hapana ruhusa kwa mtu yeyote kugusa chochote. Panya watatu walikuwa wazima. Watatu walikuwa wamedungwa dawa huko chuoni, ikaziua chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini.

"Dopamini ndiyo inayouambia mwili uanze," Rispah alimweleza. "Ikipungua, mguu unajua kutembea kama kawaida, lakini hapana wa kuuamuru."

"Kama Lewis wa bwenini kwetu asubuhi. Kengele anaisikia, akili inakubali, mwili unabaki kitandani."

"Lewis ni mvivu. Hawa ni wagonjwa. Usifananishe."

Alilisema hilo kwa ukali ambao Mwero hakuuelewa, wala hakujishughulisha kuuelewa.

Wazima walipakwa wino mweusi mkiani, wagonjwa wino mwekundu, mstari mmoja, miwili au mitatu kila mmoja. Kila asubuhi baada ya gwaride, Rispah alimweka panya mmoja mmoja ndani ya sanduku la mbao lililochorwa miraba sakafuni, akahesabu kwa dakika tano ni miraba mingapi amevuka. Weusi walivuka themanini, tisini. Wekundu walivuka kumi na tano, ishirini wakijitahidi. Aliyekuwa hoi kuliko wote ni Nyekundu Tatu. Huyo alisimama pembeni, mkono mmoja wa mbele juu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata.

Sasa mbegu za upupu, kwa mujibu wa vitabu vya Madamu, zina kitu ambacho ubongo hukigeuza kuwa dopamini. Swali la Madamu lilikuwa fupi: wekundu wakilishwa unga wa mbegu hizo kila siku, watavuka miraba mingi zaidi? Mwero akaleta kilo moja na nusu, zimesuguliwa mchangani hadi zikang'aa, akajikuna kidole kimoja tu. Kwa huduma hiyo akapewa cheo cha kusafisha vizimba. Yeye mwenyewe alijitambulisha bwenini kuwa ni Mkurugenzi wa Upupu na Ustawi wa Panya. Lewis alimwita Mchunga Panya, na jina la Lewis ndilo lililoshika.

Lewis hakujua alivyokuwa karibu na ukweli. Mwero alizaliwa Taru, kwenye nyumba ya mbuzi sitini, na tangu ana miaka sita aliweza kumtaja kila mbuzi wa babu yake kwa kumwona uso. Rispah na Madamu waliona panya sita waliofanana kama punje za mchele. Mwero aliona Nyeusi Mbili mwenye pua pana na Nyekundu Tatu mwenye sikio lililochanika kidogo nchani. Kwake yeye wino ulikuwa mapambo.

Fikira mbaya ikatokea hapo.

Madamu alikwenda Nairobi kwa wiki mbili, akamwachia Rispah ufunguo na daftari. Jumanne, saa ya michezo, Mwero akiwa peke yake na vizimba, pamba na chupa ya spiriti, alimfuta Nyeusi Mbili mistari yake, akampaka mitatu mekundu. Akamfuta Nyekundu Tatu, akampaka miwili meusi. Akawabadilishia vizimba. Kazi nzima ilimchukua dakika nne, naye aliifanya kwa utulivu wa daktari wa upasuaji. Ijumaa, kwenye gwaride, alikusudia kusoma taarifa kwa umma kuhusu Muujiza wa Msambweni. Sentensi tatu za mwanzo alikwisha kuziandika.

Asubuhi ya Jumatano Nyekundu Tatu alivuka miraba tisini na mmoja.

Rispah alihesabu kwa midomo. Ilipofika hamsini, midomo ikaacha kwenda, ikabaki kalamu tu. Dakika tano zilipokwisha aliketi sakafuni, miguu imenyooka mbele, kama mtoto. Mwero aliuma shavu kwa ndani asicheke. Kisha Rispah akajifunika uso kwa koti la maabara, mabega yakawa yanapanda na kushuka.

"Mbona unalia? Ni panya."

"Nyamaza, Mwero. Tafadhali."

"Na Nyeusi Mbili je? Mbona yeye leo amegoma?"

"Labda ana homa. Nitaandika." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Siku ya nane tu. Nyekundu Moja na Mbili bado, lakini huyu. Siku ya nane."

Bwenini hadithi ilisimuliwa vizuri, na Lewis alicheka mpaka akaanguka kutoka kitandani, kitanda cha juu. Lakini Ijumaa kwenye gwaride Mwero hakusoma taarifa yake. Mzaha unataka mtu wa kukasirika, akufukuze kwa ufagio, na kesho yake acheke. Rispah hakuonekana kama mtu wa kufanya hata moja katika hayo. Alitembea shuleni siku mbili nzima akitabasamu peke yake. Mwero alijiambia kwamba ataingoja Jumatatu.

Jioni hiyohiyo ya Ijumaa Rispah alimkuta bombani anafua.

"Kuna kitu sikukwambia," alisema, akaweka ndoo yake chini. "Ule utafiti ni wa Madamu, lakini mimi nilijitolea kwa sababu ya baba."

Baba yake, Tobias, alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani kwa miaka ishirini na miwili. Ulianza mkono wa kulia kutetemeka akiwa hana la kufanya. Halafu miguu ikawa mizito. Siku moja supu ilimmwagikia mgeni mapajani, na baada ya siku hiyo akapewa barua ya shukrani na kupelekwa nyumbani. Majirani wa Ukunda walipomwona anavyopepesuka njiani walisema pombe, naye hakuwa amewahi kuonja. Hospitali wakasema ni ubongo, dopamini. Wakampa vidonge mara tatu kwa siku.

"Vinamtapisha," Rispah alisema. "Anavichukia kama adui. Jumatano nilimwomba matroni simu, nikampigia. Nikamwambia kuhusu Nyekundu Tatu."

Mwero aliacha kufua.

"Ameviacha tangu siku hiyo. Jumapili siku ya wazazi anakuja, nimeshamsagia." Akafungua kikoi kilichokuwa ndooni, akaonyesha kopo la siagi lililojaa unga wa kijivu. "Safi kabisa. Nimeuchekecha mara mbili."

"Madamu anajua?"

"Madamu atasema tungoje, kipimo cha mbegu hakijulikani, hiki na kile. Sisi tumengoja miaka mitatu, Mwero." Akakifunga kikoi. "Nimemwambia baba kwamba wewe ndiye uliyeuchuma. Amesema anataka kukushika mkono."

Huu ulikuwa wakati wa kusema. Mwero alifungua kinywa, na kilichotoka ni, "Karibu sana."

Kwao Taru mbuzi hukatwa alama sikioni, kila ukoo na alama yake. Walikuwako vijana walioiba maembe, walioiba asali, hata mmoja aliyeiba baiskeli ya chifu, na watu bado waliwasimulia kwa kicheko. Lakini aliyebadilisha alama ya mnyama wa mwenzake hakusimuliwa kwa kicheko. Jina lake lilishushwa sauti likitajwa, na watoto wake walipokwenda kuposa waliulizwa habari zake kwanza. Mwero alilijua hilo tangu hajaota meno ya ukubwani. Alipokuwa na kile kichupa cha wino mkononi halikumpitia akilini kabisa, maana panya si mbuzi. Sasa, mbele ya bomba, sabuni ikimkauka viganjani, alihisi masikio yake yakiwaka moto, yote mawili, kama yeye ndiye anayekatwa.

Jumamosi aliandika barua tatu. Ya kwanza ilianza na "Kwa masikitiko makubwa na moyo uliopondeka", akaichana, kwa sababu ilichekesha. Ya pili alitia sahihi ya Mpenda Ukweli. Ya tatu ilikuwa na neno moja, "Rispah", na haikuendelea. Kisha akapata njia iliyo bora kuliko barua: atairudisha mikia ilivyokuwa. Jumapili Nyekundu Tatu wa kweli atasimama pembeni mwa sanduku kama desturi yake, baba ataona kwamba dawa imeshindwa, atarudia vidonge vyake, na hapatakuwa na mtu wa kulaumiwa isipokuwa mmea. Mwero aliipenda njia hii kwa muda mrefu kabla hajaona kwamba ilikuwa njia ya mwoga. Alipokwisha kuona, aliipenda vilevile.

Lakini Rispah alikuwa maabara tangu asubuhi, anaosha vizimba yeye mwenyewe na kupiga deki.

Jumapili, wazazi walipoanza kuingia na makapu yao, Rispah alimpa ufunguo. "Mimi namngoja baba getini. Wewe wafungulie dirisha wapate hewa." Mwero akakimbia. Alikuwa amemshika Nyeusi Mbili kwa mkono wa kushoto, pamba kwenye wa kulia, mstari mmoja mwekundu umekwisha kufutika, aliposikia nje viatu vinavyoburuta changarawe. Hatua fupi, fupi, za haraka, kama mtu anayesukumwa mgongoni. Kisha kimya.

Mlangoni alisimama mwanamume mrefu aliyeinama, shati jeupe limepigwa pasi, Rispah akiwa amemshika kiwiko. Kizingiti cha maabara ni cha urefu wa kidole. Mwanamume alikitazama. Mguu wake wa kulia uliinua kisigino, ncha ikabaki chini, ikatetemeka, haikwenda. Wakapita watu wawili nyuma yao. Mguu bado haukwenda.

"Vuka, baba," Rispah alisema taratibu. "Moja, mbili."

Mwero alikuwa ameliona tendo hilo kila asubuhi kwa siku nyingi, ndani ya sanduku la mbao, na alikuwa ameliigiza bwenini, juu ya meza, na watu wakashikilia mbavu.

"Tatu," alisema Rispah, na mguu ukavuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa ndogo, na uso haukusogea hata kidogo, kama umepakwa plasta. Macho peke yake ndiyo yaliyokuwa na mtu ndani. "Wewe ndiye mwenye upupu."

"Ndiye mimi."

"Ahsante sana. Na huyo uliyemshika ndiye mwenzangu?"

Rispah alikuwa anatazama pamba. "Unamfanya nini?"

Uongo ulikuwepo tayari, mzima, umekaa ulimini: wino umefifia, nampaka upya. Mtu yeyote angeusadiki. Mwero aliuhisi ukianza kutoka.

"Rispah, niletee maji," Mzee Tobias alisema. Alikuwa ameketi, na mkono wake ulikuwa unalitafuta kopo mezani, ukilipita kushoto, ukilipita kulia. "Nianze mbele ya huyu kijana, aone kazi yake."

"Usile, mzee," Mwero alisema.

Wote wawili wakamtazama.

"Huyu si mgonjwa. Hajawahi kuugua. Huyu ni Nyeusi Mbili. Nilimbadilisha mkia Jumanne. Nyekundu Tatu ni yule pale, mwenye sikio lililochanika. Hajapona. Hapana aliyepona."

Rispah alimsogelea. Alimchukua panya kutoka mkononi mwake, akamgeuza, akatenganisha vinyweleo kwenye shina la mkia kwa ukucha. Chini kabisa, pale pamba isipofika, palikuwa na mabaki ya wino mweusi. Alipatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuchekesha."

"Kumchekesha nani?"

Mwero, ambaye mbele ya mwalimu wa zamu alikuwa amejitetea mara kumi na nne, aliiweka pamba mezani.

"Mlete huyo mwingine," Mzee Tobias alisema.

Mwero akamweka Nyekundu Tatu sandukuni. Panya akasimama pembeni, mkono juu. Mzee alimtazama, na mkono wake mwenyewe ukapigapiga goti, tap tap tap, bila yeye kuushughulikia.

"Huyu alikuwa anakula huo unga?"

"Alikula siku saba," Rispah alisema. Halafu sauti yake ikabadilika. "Tangu Jumatano nampa mwenzake. Nilifuata wino."

"Basi mimi na yeye wote tumekosa dawa wiki hii."

Kwa uso ule haikuwezekana kujua kama ni mzaha. Hapana aliyecheka.

"Vidonge viko wapi, baba?"

"Nyumbani. Juu ya kabati. Niliviweka mbali ili nisivione." Akapumua. "Nilimwambia mama yako nitarudi jikoni. Nimenoa na visu."

Rispah alikwenda kwa matroni, Veronicah, na kurudi mbio. Matroni alikuwa amempigia muuguzi anayemfahamu katika hospitali ya Msambweni, na muuguzi alikuwa amesema dawa ile haiachwi ghafla namna hiyo, mgonjwa anaweza kukakamaa kabisa. Aletwe sasa hivi, watampa dozi na kumwangalia. Tuktuk ilikuwa getini. Mzee Tobias alijaribu kunyanyuka. Mara ya kwanza alirudi kitini, na mara ya pili vilevile.

"Nitambeba," Mwero alisema.

Rispah akachukua viatu vya baba yake vilivyokuwa vimemtoka miguuni na kutangulia.

Kutoka maabara hadi getini ni lazima uupite uwanja, na uwanja siku ile ulikuwa umejaa mikeka, sufuria za wali, na wazazi wa kaunti nzima. Mzee hakuwa mzito. Mikono yake ilikuwa imemzunguka Mwero shingoni, na wa kulia ulimpigapiga kifuani bila kupumzika. Walipofika katikati, Lewis alisimama kwenye mkeka wa mama yake, mdomo umejaa.

"Oya, Mchunga Panya! Leo umemwiba babu wa nani?"

Kicheko kikaanzia Kidato cha Tatu, kikaenda mkeka hadi mkeka. Hata watu wasiomjua walicheka, kwa kuwa waliokuwa wanamjua walikuwa wanacheka. Mtu akapiga makofi. Mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba wengine nao huja shuleni kwa watoto wamelewa. Mbele yake Mwero aliona mgongo wa Rispah ukisimama, viatu viwili mkononi.

Angeweza kukaza mwendo. Geti halikuwa mbali. Lakini wangebaki wanacheka, na wangekuwa wanamcheka mzee.

Akasimama.

"Hajalewa," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. "Huyu ni baba yake Rispah. Ni mgonjwa. Mimi nilibadilisha panya wa Madamu ili nicheke, Rispah akadhani dawa imepatikana, baba yake akaacha vidonge. Ndiyo maana hawezi kutembea. Ni mimi."

Watu walikuwa wanangoja sehemu ya kuchekesha. Aliiona kwenye nyuso zao, ile midomo iliyokaa tayari, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kungoja. Alisimama na mzigo wake mpaka midomo ikafungika, mmoja baada ya mwingine, wa Lewis mwisho.

"Twende, mwanangu," Mzee Tobias alimwambia sikioni.

Getini Mwero alimshusha ndani ya tuktuk, akamkunjia miguu, Rispah akamvisha viatu. Mwero akaweka mguu aingie.

"Wewe baki," Rispah alisema. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha. "Kesho utampigia Madamu. Utamwambia wewe, mimi sitakusaidia hata neno moja."

"Nitampigia leo."

Rispah alikuwa amekwisha kumgeukia dereva. Tuktuk ikaingia barabarani, na kwa kitambo Mwero aliuona mkono wa mzee pembeni, ukitetemeka juu ya chuma cha kushikilia, haukumpungia wala haukumkataza. Halafu akageuka. Kutoka getini hadi kwa matroni, palipokuwa na simu, ni lazima uupite uwanja.